Fishi Nyekundu Niliyoandika kwa Hasira

Nianze na lile linaloniuma, mengine yatafuata. Shofere wa jeep yetu ya wagonjwa alikufa kwa freni, na karatasi iliyosema freni zimeharibika niliiandika mimi, kwa mkono wangu, siku moja kabla. Ilikuwa inaning'inia kwenye usukani alipofungua mlango. Aliisoma. Alijua kusoma kuliko mimi, maana Kifaransa changu mimi ni cha garaji. Aliisoma, akacheka, akawasha motokari, akaenda.

Hapa Bukavu wanaojua nusu ya habari hii husema alikuwa kichwa ngumu. Nimewasikia wakisema hivyo nje ya kanisa, wakitikisa vichwa, na mimi nimesimama palepale nikiangalia viatu vyangu. Nimenyamaza vya kutosha.

Garaji yetu ilikuwa Ibanda, chini kidogo ya barabara, mahali ambapo ukipanda juu ya pipa unaliona ziwa. Ilikuwa mali ya kazi ya afya ya kanisa. Tulikuwa na jeep mbili za kubeba wagonjwa na malori matatu ya dawa, na kazi yake ilikuwa kwenda kwenye vituo vya afya vya kandokando ya ziwa, Kalehe mpaka Minova, barabara ya kupanda na kushuka isiyochoka. Zamani tulifanya kazi kama kila mtu alivyofanya: motokari ikilia tunaifungua, ikinyamaza tunaifunga. Kisha, kabla ya vita vya kwanza, akaja injinia mmoja, mtoto wa hapahapa aliyesomea Ulaya, akakaa nasi miezi minane na kutufundisha kile alichokiita sistemu ya kalite, yaani ubora wa kazi.

Usicheke. Sisi pia tulicheka. Alisema motokari haitengenezwi kwa masikio. Kila kitu kiandikwe: nani ametazama, nani ametengeneza, nani ametazama tena nyuma yake. Aliyefunga bulo ya gurudumu kwa spana asiwe yeye anayesema bulo imefungwa. Na kitu kikiharibika mara mbili mahali palepale, ni marufuku kukibadilisha mara ya tatu kabla hujauliza kwa nini. Mafundi walipiga miayo. Mimi, sijui niseme nini, maneno yale yalinikaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo changu. Maisha yangu yote nilikuwa nachukia kazi ya kubahatisha, na hapa kumbe kuna mtu aliyekwisha kuandika kitabu kizima cha chuki yangu. Akanifanya kontroleri, mkaguzi.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa fishi, karatasi ya ukaguzi yenye mistari thelathini na sita. Motokari ikiwa nzima, fishi ya kijani inafungwa kwenye usukani. Ikiwa na ubaya, inafungwa nyekundu, na haitoki hata kama askofu anaingoja. Lakini fishi haikujazwa kimyakimya. Injinia alitaka isomwe kwa sauti. Mimi nasoma mstari, shofere anakigusa kile kitu kwa mkono wake na kujibu. Mafuta ya freni? Nimeona. Mpira wa freni, kushoto mbele? Nimeona. Tulikuwa Wakatoliki karibu sote, na mtu hakuhitaji kuambiwa mambo haya yanafanana na nini. Mafundi wakaanza kusema kontroleri anasalisha litania ya motokari, ile sala ya mmoja kutaja na wengine kuitikia.

Aliyekuwa mbaya kuliko wote ni yule shofere wa jeep. Nikisoma, "Mpira wa freni, kushoto mbele?" yeye, amelala chini ya jeep, anaitika kwa sauti ya kanisani, "Utuombee." Garaji nzima inaanguka kwa kicheko. Mimi nina hasira ya karibu, sifichi, mke wangu atakuambia. Nilikuwa narudi mstari wa kwanza na kuanza upya, thelathini na sita yote, ili kumkomesha. Hakukoma. Ila nilikuwa nachungulia mkono wake, na kila mara aliposema utuombee, mkono ulikuwa umeshika mpira wenyewe, ule mrija unaopeleka mafuta ya freni kwenye gurudumu. Kwa hiyo nilikuwa nampenda, ingawa sikumwambia, na jioni tulipanda mlima pamoja kwenda nyumbani tukibishana juu ya mpira wa miguu.

Halafu vita vya pili vikaja, na mji ukawa na wenyewe wapya, askari waliouteka.

Komanda wao alifika garajini asubuhi moja, mtu mpole, mwenye sauti ndogo. Sikupenda upole ule. Hakupiga mtu, hakuomba ufunguo. Alitembea polepole kutoka motokari moja hadi nyingine, akiinama dirishani, akisoma fishi. Alizisoma zote mpaka chini, mistari yote.

"Hii kazi nani anafanya?" akauliza.

"Ni mimi, mon commandant."

"Iko kazi ya muzuri. Sasa sitasumbuka kuleta fundi wangu."

Akaonyesha kwa kidole fishi za kijani, moja, mbili, tatu. Jeep moja na malori mawili yakatoka uani siku ile na hatukuyaona tena. Yenye fishi nyekundu aliyaacha. Nilirudi kwenye meza yangu nikakaa. Unaelewa alichonifanyia? Miaka niliyotumia kuandika ukweli, nilikuwa nimempangia sahani mezani.

Alisema atapita tena, na kweli alipita, mara baada ya wiki, mara baada ya mbili, hana siku maalum. Tulibaki na jeep moja na lori moja, vyote viwili vilikuwa vimeokoka kwa sababu siku ile vilikuwa vibovu. Tuliitengeneza jeep. Sasa nikatakiwa kuiandikia fishi ya kijani. Padri mkurugenzi wetu aliniita akaniambia wazi: jeep hii ikichukuliwa, mwanamke wa Kalehe mwenye mtoto aliyekaa vibaya tumboni hana njia ya kufika hospitali, atafia palepale. Hakuniambia nifanye nini. Aliniangalia tu, kisha akaangalia dirisha.

Aliyesema ni shofere.

"Muzee," akaniambia, tukiwa tunanawa mikono kwenye robine, "andika freni."

"Freni iko muzima."

"Najua iko muzima. Basoda ya komanda hawaogopi motere yenye kulia. Banaogopa muteremuko. Andika freni imekufa."

Nilimwambia fishi yangu haisemi uongo. Akanijibu, "Bon, itasema kweli, na jeep itaenda na komanda." Nilimkasirikia siku tatu nzima. Siku ya nne nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: mpira wa freni, kushoto mbele, umepasuka, unavuja, hatari. Nikaweka saini yangu. Nilijisikia kama mtu aliyetapika mbele ya watu.

Lakini karatasi peke yake haitoshi kwa mtu anayesoma mpaka chini. Shofere akachovya kidole kwenye chupa ya mafuta ya freni akapaka ndani ya gurudumu, kisha akapulizia vumbi ili paonekane pa zamani. Nikatazama, nikaona ameharibu. Nikamwambia hapana, mpira ukivuja kweli mafuta yanaanzia hapa kwenye maungio, yanateremka hivi, na gurudumu likizunguka linayarusha nje hivi. Nikapaka mwenyewe. Nikapaka mpira wote, kutoka juu hadi chini, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Na niseme kweli, maana ndicho kilichonileta hapa: nilijivuna. Ilikuwa kazi safi.

Komanda alikuja, akasoma, akainama. Akapitisha kidole kwenye gurudumu, akanusa. "Tengenezeni," akasema. "Nitarudi."

Tukaishi hivyo miezi mingi, lori nalo likiwa na fishi yake ya uongo. Shofere anatoka alfajiri, fishi nyekundu usukani. Kwenye kila barieri ya askari barabarani anaionyesha, anasema anaipeleka kwa fundi, na hakuna askari aliyetaka kupanda motokari ya kumuua. Anakwenda Kalehe, anarudi na mgonjwa, anaingiza jeep uani, tunapaka upya. Wanawake wengi walizaa salama kwa uongo ule. Siwezi kuutukana wote.

Kitu kimoja tulikiacha, na wakati ule sikukiona kuwa kikubwa. Tuliacha kusoma kwa sauti. Getini waliweka askari wao mmoja, wakasema ni wa kutulinda, na huwezi kusimama mbele ya sikio lile ukasoma mpira wa freni, huku mtu ameushika mpira mzima akijibu umepasuka. Hata bila askari tungeshindwa. Ulimi ulikuwa unagoma. Kwa hiyo sistemu yote ya kalite, mistari thelathini na sita, miezi minane ya injinia, ikabaki maneno mawili. Asubuhi, kwenye robine, maji yakiwa yanapiga kelele, namnong'oneza shofere, "Iko muzima." Anainua kichwa kidogo. Anaenda.

Mafundi wengine walikuwa wamekwisha kukimbia mmoja mmoja, na injinia mwenyewe tulisikia yuko nje ya nchi. Hakuna wa kutazama nyuma yangu. Vipuri havikuja. Mpira mmoja wa akiba uliokuwa kabatini tulikuwa tumeutia kwenye jeep hiyohiyo, gurudumu hilohilo la kushoto mbele, na baada ya huo kabati lilikuwa tupu. Usiku bunduki zilisikika upande wa milimani, mchana watu walitembea haraka bila kuangaliana. Kila asubuhi nilipofungua geti nilihesabu kwa macho: lori, jeep. Moyo unatulia. Kesho yake tena.

Siku moja, ilikuwa Jumanne, nikamkuta shofere amepiga magoti kwenye gurudumu na kopo jeusi mkononi. Nikasogea. Yalikuwa mafuta ya motere, ya injini, yale machafu tuliyomwaga kutoka kwenye lori.

"Unapaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani? Nilikuambia ya freni tu."

"Ya freni iliisha, muzee. Kitambo. Iko ndani ya jeep peke yake, tutapaka yenye kubaki halafu tutafunga freni na nini?"

Mtoto wa siku ya kwanza garajini anajua mafuta ya motere yanakula mpira wa freni. Unalainika, unavimba, halafu siku moja unaachia. Nikamuuliza tangu lini. Akasema hajui, wiki kadhaa. Nikamtukana. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, mojawapo lilimgusa mama yake. Yeye akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, na kwa sauti ndogo ili askari asisikie akanijibu:

"Muzee, hii ni bongo tu. Ao bongo nayo iko na kalite?"

Ningeweza kucheka. Siku nyingine ningecheka. Lakini lilinichoma pale hasa palipokuwa na kidonda, maana alisema kweli: bongo kwetu ni uongo, na mimi nilikuwa kontroleri wa uongo, nikigombana juu ya ubora wake. Nikamgeukia mgongo. Jumatano sikwenda kwenye robine. Alhamisi vilevile. Ijumaa alinisubiri, nikamwona amesimama pale na maji yanamwagika bure, nikapita, naye akatoka bila neno letu. Nilimkalia kimya siku zote hizo, mtu mzima mimi, mwenye mvi.

Jumamosi mchana, wengine wamekwenda, nikaingia chini ya jeep na taa. Nilikuwa nimeahirisha kwa sababu niliogopa nitakachoona. Nikaona. Mpira wa kushoto mbele ulikuwa umevimba, laini chini ya vidole, na karibu na maungio una ufa mwembamba, na kwenye ufa tone. Nikalifuta tone. Nikasubiri. Likarudi. Mafuta ya freni yenyewe, yanayotoka ndani. Ile ilikuwa jeep ya zamani, bomba moja linalisha magurudumu yote manne, mpira mmoja ukiachia hakuna kinachobaki.

Nikalala pale chini. Ulikuwa mstari uleule niliouandika kwa uongo miezi yote ile. Tulikuwa tumeuandika na kuupaka mpaka ukawa kweli.

Sasa sikiliza nilichofanya. Sikutoa gurudumu. Sikuweka jeep juu ya mawe. Sikwenda nyumbani kwa shofere, ambako ni mwendo wa dakika kumi. Nilichukua fishi mpya, nikaandika kwa kalamu nyekundu: mpira wa freni, kushoto mbele, umepasuka, unavuja, hatari. Nikaweka saini, nikaifunga kwenye usukani palepale ilipokuwa ya jana na ya juzi. Nikasema moyoni, yeye si anajua kusoma? Asome. Jumatatu atakuja kuniuliza, na hapo atajua kama nina kalite ao sina. Nilifunga mlango wa ofisi nikaenda zangu. Nilitaka aje yeye kwanza. Kwa ajili ya hilo tu.

Jumapili nilikuwa misa ya pili. Kwa phonie, redio yetu ya kuitana, waliita kutoka Kalehe: mwanamke, tangu jana usiku, mtoto hatoki. Shofere aliishi karibu na garaji, wakamgongea, akaja na muuguzi mmoja, mama wa makamo aliyezoea safari zile. Mimi nilikuwa naimba.

Nilipotoka kanisani nikapitia garajini, sijui kwa nini, labda nilijua. Geti wazi. Mahali pa jeep patupu. Pale liliposimama gurudumu la kushoto mbele kulikuwa na doa bichi kwenye udongo, kubwa kama sahani. Nikaligusa kwa kidole, nikanusa.

Nilikimbia kwenye phonie. Nikawaambia Kalehe jeep ikifika wasiiruhusu kurudi. Wakasema haijafika. Nikakaa kwenye kiti cha yule anayeendesha phonie, na suruali yangu ya misa. Kila baada ya muda nawaita. Haijafika. Betri ya lori ilikuwa imekufa wiki ile. Hakukuwa na kitu cha kumfuata nacho. Nilifikiria miteremko yote ya barabara ile, mmoja mmoja, ninaijua yote, na kila mmoja niliufikiria ameupita salama, halafu naanza na unaofuata. Saa nane wakaacha kujibu haijafika. Wakasema, papa, subiri kidogo.

Jeep ilipita kona ya mteremko kabla ya Kalehe bila kupunguza hata kidogo, ikaenda chini kwenye mawe. Muuguzi alirushwa nje, akavunjika mkono na mbavu. Shofere alifia usukanini. Yule mwanamke walimbeba kwa machela mpaka kwenye mtumbwi. Aliokoka. Mtoto, hapana.

Nilikwenda kumwona muuguzi hospitali siku ya tatu. Nilimuuliza kama shofere aliiona fishi. Akasema ndiyo, aliisoma. Alipoisoma akacheka, akashuka, akaenda kutazama gurudumu, akaona mafuta yanateremka kutoka kwenye maungio. Alifurahi, muuguzi akasema. Alirudi ndani anatingisha kichwa akamwambia, "Muzee alikuya kupaka yeye mwenyewe. Bado iko na hasira, lakini amepaka vizuri, hata mimi ningeamini." Alikanyaga freni mara mbili uani, zikashika. Akasema Jumatatu atakuja kuniomba msamaha.

Nilimwachia ndizi nilizokuwa nimemletea, nikatoka.

Wiki ileile komanda akaja na watu wawili, akataka kujua kwa nini jeep mbovu ilitoka. Padri alikuwepo. Fishi ilipatikana ndani ya mabaki, wakaiweka mezani. Komanda aliisoma mpaka chini kama kawaida yake, akasema kontroleri alifanya kazi yake, karatasi iko sawa. Kisha akaniangalia. "Sasa mbona huyu mutu alitoka?"

Ningesema nini? Lori lilikuwa uani na fishi yake ya uongo, na nyuma ya lori alikuwa padri, na nyuma ya padri vituo vyote vya afya mpaka Minova. Nilikuwa na sababu. Sababu nzuri, hata leo nikizipima naona zina uzito. Nikasema, "Shofere hakutii fishi." Mmoja wao akaandika. Padri alikuwa anaangalia mikono yake. Ripoti ikasema hivyo, ikasomwa mbele ya wafanyakazi, ikaenda nyumbani kwa marehemu ikiwa na muhuri.

Mjane alikuja garajini baada ya matanga. Alisimama katikati ya uwanja, mbele ya watu, hakutaka kuingia ofisini. Askari wa getini alikuwa anasikiliza. Akaniuliza, "Papa, ni kweli bwana yangu alikataa fishi yako?"

"Ilikuwa nyekundu, maman," nikasema.

"Na yeye alitoka."

"Alitoka."

Akasema aksanti, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda.

Vita havikuisha siku moja, lakini ilifika siku askari wa getini hakuja, na komanda tukasikia ameondoka na wenzake. Lori letu likapata fishi ya kijani. Nilingoja wiki moja, nikangoja ya pili, nikijiambia labda watarudi. Hawakurudi. Nilikuwa sina tena pa kujificha, basi nikapanda kwenda kwa mjane.

Alikuwa anachagua maharagi. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: fishi za uongo, mafuta, kopo jeusi, matusi niliyotukana, robine, Jumamosi. Nilimwambia fishi ile moja ilikuwa ya kweli na kwamba ni mimi peke yangu niliyejua. Yeye mikono yake haikusimama, maharagi haya huku, mawe kule.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuwa ananielezea kila siku. Mashati yake yenye mafuta, nani alikuwa anafua? Nilijua mambo yenu yote. Ya Jumamosi tu njo sikujua, lakini nilifikiria."

"Basi, maman, siku ile ulikuja garajini kwa nini?"

"Nilikuya kusikia kama utasema."

Nikamwambia kulikuwa na askari getini. Akasema alimwona, hakuwa kipofu. Akasema hakunitegemea niseme pale. Alirudi nyumbani akangoja nimfuate, siku ile, na kesho yake, na wiki ile. Alikuwa akisikia hatua za mtu nje anainua kichwa. Ni dakika kumi, akasema, na wewe umetumia miaka.

Nilimuuliza kama amewaambia watoto.

"Niwaambie nini? Mimi ni bibi yake, batasema namutetea. Shuleni banaambiwa baba yenu alijiua mwenyewe juu ya kichwa ngumu. Karatasi yako iko na muhuri. Mimi niko na mudomo tu."

Akaweka sinia chini akawaita. Walitoka nyuma ya nyumba, wanne, wakasimama mbele yangu kwa mpangilio wa urefu bila kuambiwa. Nikawaeleza tena tangu mwanzo, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu watatu walikuwa na macho ya baba yao. Nilipomaliza hakuna aliyelia. Mkubwa, msichana ambaye sasa alikuwa karibu urefu wangu, alifikiri kwanza.

"Ile fishi ya mwisho," akasema, "ilikuwa imeandikwa sawasawa na zile za bongo?"

"Sawasawa."

"Na mafuta kwenye gurudumu, vilevile?"

"Vilevile."

"Sasa papa yetu angejuaje?"

"Asingejua," nikasema. Mama yao akaniambia nirudie kwa sauti, mdogo hakusikia, na nikarudia.